Maarifa, Ndoo Kichwani

Kwetu Newala maji hayakuwa mbali, yalikuwa chini. Mgeni ukimwambia hivyo anafikiria kisima. Wapi! Sisi tunakaa juu, chemchemi ziko bondeni, kwa hiyo unashuka na ndoo tupu magoti yakitetemeka, halafu unapanda nayo imejaa huku shingo inalia. Mtihani wangu wa darasa la saba niliusomea kwenye mteremko huo. Watu wakiniuliza nilisomea wapi nikawajibu "njiani," wanadhani nawatania.

Mwaka ule tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa. Wazee walinung'unika, na haki yao, maana mikorosho haihami. Baba aliondoka alfajiri kuifuata mikorosho yake kule mahame tulikohama, akarudi jioni amenuna, na ukimuuliza habari za huko anakujibu, "Ipo, inawauliza." Lakini mimi, na nongwa yangu yote, sikuona ubaya. Zamani kumwita jirani ilibidi koo liume kwanza. Sasa nyumba zilipangwa mstari mmoja. Mlango wa kulia walikaa mwalimu wa kanisa na binti yake, ambaye sauti yake ilikuwa tamu hata akikutukana. Mlango wa kushoto alikaa msichana mmoja mfupi, mkali wa hesabu kuliko wavulana wote, na alikuwa hawafichi hilo. Wote watatu tulikuwa darasa la saba. Nani kama sisi?

Ila kusoma kulikuwa na kazi yake. Kitabu cha Maarifa kilikuwa kimoja kwa darasa zima, kinakaa kabatini kwa mwalimu mkuu kama sahani za wageni. Mchana kulikuwa na maji, mihogo na wadogo zetu wa kubeba. Usiku ndiyo kabisa, taa ilikuwa marufuku. Vita vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu, na ndege za Mreno hazikuwa na adabu ya kuheshimu mpaka. Jua likizama mgambo anapita: "Zima koroboi hiyo!" Ukichelewa anaingia kuipuliza mwenyewe.

Shuleni tulikuwa tumechimba mahandaki ya kujifichia ndege. Sisi watatu tukalifanya moja kuwa chumba chetu. Saa ya mapumziko tunaomba kitabu, tunashuka handakini, tunakariri ukurasa mmoja mpaka kengele ilie. Mle mlikuwa baridi, kimya, na hakuna mkubwa wa kukuona akakutuma.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kukariri kuliko wenzangu. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na mjomba wangu alikuwa amekuja kutoka Chiwata na posa. Fundi cherehani mmoja wa Mkomaindo, pale Masasi, alikuwa ameniona sikukuu fulani nimevaa gauni la kuazima, akapenda. Mama alimpigia kaka yake magoti. Mjomba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Akasema, "Jina lake likitoka kwenda sekondari, aende. Lisipotoka, asinililie." Wasichana wa kuchaguliwa walikuwa wachache kama mvua ya kiangazi, na fundi mwenyewe, nilisikia, alikuwa ameshaanza kunikatia kitambaa. Nilichukia hata sauti ya cherehani.

Basi tukajipanga. Ratiba yetu haikuandikwa popote, ilikuwa ndiyo njia yenyewe. Kushuka, ndoo ni nyepesi na kichwa chepesi, tulifanya Hisabati: mfupi anauliza, sisi tunajibu, ukikosa unarudia mpaka kona inayofuata. Kwenye foleni ya chemchemi tulifanya Lugha, methali na vitendawili, na akina mama waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wanatuingilia na majibu yao yasiyoandikika. Kupanda ndiko kulikotushinda. Ukibeba ndoo iliyojaa huwezi kugeuka, huwezi kucheka, pumzi yenyewe ya kuokoteza. Maneno marefu hayatoki. Siku moja binti wa mwalimu wa kanisa akaanza kutaja mito kwa wimbo, na miguu yetu ikashika.

Akaimba: "Ruvuma!" Tukaitikia, na hatua. "Lukuledi! Mbwemkuru! Matandu!" Tukaitikia. Rufiji, Ruvu, Wami, Pangani, yote ikapanda mlima na sisi toka kusini kwenda kaskazini, na ndoo hazikumwaga tone. Tulifika juu tunatweta na kucheka, kila mmoja ana mito yote kichwani, chini ya ndoo. Siku ya pili tukaingiza mazao ya biashara. Siku ya tatu, viungo vya mwili. Nakwambia, nilikuwa nalala naota figo zinaitikiwa.

Tatizo lilikuwa sauti yenyewe ya wimbo. Tulikuwa tumetoka unyagoni mwaka uliotangulia, na mahadhi yaliyotukaa miguuni yalikuwa ya kule. Yapo mambo ya unyago yanayoimbwa hadharani siku ya kuwatoa wali, na yapo yasiyotoka nje ya uzio wa wanawake. Yale ambayo mwenzetu aliyashika, katika mahadhi yote ya dunia, yalikuwa ya ndani kabisa. Mimi nililijua hilo. Lakini yalikuwa yanapanda mlima vizuri mno!

Mama alitukuta siku moja tunapita na Rufiji yetu. Alisimama katikati ya njia, mkono mdomoni. "Nyie! Mnaimba nini mbele za watu?"

"Mito, mama."

"Mito!" Alitazama huku na huku kama kuna mwanamume karibu. "Mwanaume akisikia hiyo mito, mtanieleza." Akaondoka haraka, mabega yanamtikisika, na mpaka leo naamini alikuwa anacheka. Tukaapa kuimba porini tu.

Mtihani ukaja mabibo yakianza kuiva. Msimamizi alitumwa kutoka Masasi, mwalimu kijana, mtu wa kule mkoa wa Ziwa Magharibi, miwani, shati jeupe, suruali imenyooka, Kiswahili chake kinateleza kwa namna ya kwao. Alikuwa mpole, lakini kazi yake aliifanya kwa macho yote mawili. Alitutenganisha sisi watatu pembe tatu za darasa, maana aliona tulivyoingia tumeshikana mikono. Hisabati ikapita. Lugha ikapita. Ikabaki Maarifa.

Nikafika swali la mito inayoingia baharini. Kichwa kikawa cheupe. Nikaita Ruvuma, haikuja na mwenzake. Nikamwona yule fundi na futi yake shingoni. Ndipo mguu wangu ukaanza wenyewe, kidole gumba kwenye sakafu, na mimi bila kujua nikaanza kuguna. Mito ikaanza kupanda, mmoja mmoja, jamani, raha iliyoje! Naandika na kuguna. Nisichojua ni kwamba wimbo ule una mwitaji na waitikiaji, na wenzangu wawili kutoka pembe zao, nao wameinamia karatasi zao bila habari, wakaniitikia.

Msimamizi akainuka. "Nani anaguna?" Akazunguka madawati, akaketi. Dakika si nyingi, mmm kwangu, mmm-mmm kwao. Akaja akasimama juu ya kichwa changu mpaka muda ulipokwisha. Karatasi zilipokusanywa, aliziweka zetu tatu pembeni ya bahasha. Wengine waliruhusiwa kutoka, sisi tukabakizwa.

"Mimi si mtoto," akasema. "Huyu anaguna, wale wanamjibu. Mnapeana majibu kwa kilugha chenu. Karatasi hizi haziingii humu mpaka nijue."

Nikamweleza kwamba ni wimbo wetu wa kusomea. Akasema, "Vizuri. Uimbeni niusikie."

Loh! Tukatazamana sisi watatu. Binti wa mwalimu wa kanisa akaanza kulia hapo hapo. Mfupi, ambaye hajawahi kukosa jibu, akatazama vidole vyake. Mbele yetu wanaume wawili, msimamizi na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ni mtu wa hapo hapo kwetu. Nikasema, "Hauimbiki, mwalimu."

"Hauimbiki, lakini mlikuwa mnauimba."

Mwalimu mkuu akakohoa. Alikuwa ameelewa, unaona, si wimbo wenyewe ila ni wimbo wa aina gani, na alitoa macho dirishani kama aliyeona ng'ombe wa mtu shambani. "Mwalimu mwenzangu," akasema, "kama ni hivyo, haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Haiwezekani tu."

Na kweli, mtu wa Ziwa Magharibi angeelewaje? Kwake tulikuwa wezi watatu na mwalimu mkuu wao. Akachukua kalamu nyekundu. Mimi mdomo wangu haukuumbiwa kifuniko, lakini siku ile ulijifunga. Nilikuwa naiona miaka saba inakwenda kwa ajili ya mguno, na ilikuwa bora niende Mkomaindo nikashone vifungo kuliko kuuimba ule mbele ya wanaume wale.

Hapo mama akaingia. Wazazi walikuwa na zamu ya kuwaletea wageni wa mtihani maji na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, na siku ile zamu ilikuwa yake. Alitua ndoo, akampa shikamoo msimamizi, ambaye yeye mama alimzidi miaka kumi, kwa sababu tu ni mwalimu, akaona nyuso zetu. Mwalimu mkuu akamweleza kwa maneno machache, bado anatazama dirisha. Mama alinitazama. Nilijua anakumbuka ile siku ya njiani.

"Mwalimu," akamwambia msimamizi, "unataka kusikia maneno, au unataka kusikia ngoma?"

"Maneno, mama. Nataka kujua kama kila mmoja anayo mwenyewe."

"Basi ngoma nitapiga mimi. Mficha uchi hazai, lakini si lazima uchi wote tuuanike barazani."

Akamimina maji mtungini, akaigeuza ndoo, akaanza kuipiga kwa kiganja, mdundo wa kutwanga, ule ambao hata kuku wanaujua. Msimamizi akatutoa nje, mbali, akatuita mmoja mmoja. Mfupi, mama alinisimulia baadaye, aliimba kama anayesoma risiti, lakini alimaliza. Yule wa sauti tamu alifika Pangani huku machozi yanamtoka. Mimi nikaja wa mwisho. Ruvuma, sawa. Mpaka Matandu, sawa. Rufiji ikateleza, na nikasikia mahadhi yale mengine yananyanyuka kifuani, yanataka kutoka kama mbuzi aliyeona mlango wazi. Mama akaipiga ndoo pwaa! Nikarudi kwenye kutwanga. Ruvu. Wami. Pangani. Nikasimama nimeloa jasho.

Nikamtazama msimamizi. Mguu wake, nikauona, ulikuwa unagonga sakafu. Kisha akaniuliza, uso mkavu kabisa, "Na Kagera je? Mto wa kwetu mmeuacha wapi?"

"Kagera haiendi baharini, mwalimu," nikasema. "Inaingia ziwani. Ina wimbo wake."

Akacheka mpaka akavua miwani. Karatasi zetu tatu zikaingia kwenye bahasha, nikaiona gundi inalambwa na bahasha inafungwa. Halafu akala ming'oko yote.

Majibu yalikuja nikiwa natwanga na mama uani. Mjomba alikuwepo, amekuja kumalizia neno lake, amekaa kwenye kigoda na fimbo yake. Mwalimu mkuu aliingia haraka, hata hodi hakupiga sawasawa. Jina langu limetoka. La mfupi limetoka. La mwenzetu wa tatu halikutoka, na tulilia naye jioni ile hadi sauti ikatukauka, ingawa baadaye alichukuliwa kusomea uuguzi Ndanda na akatupita wote kwa mshahara. Mimi nilikuwa nakwenda shule ya bweni, upande wa Masasi.

Mama hakupiga kigelegele. Alishika mchi tu. Mjomba akagonga fimbo yake chini, akasema, "Fundi nitamwambia mimi mwenyewe. Neno nilisema." Akainuka, halafu, kama mtu anayelijua lililomkaa dada yake rohoni, akamuuliza mwalimu mkuu, "Na huko shuleni, maji wanachota wapi?"

"Hawachoti. Kuna bomba uani. Msichana anafungua tu."

Mama akauachia mchi ukaanguka. "Anafungua tu?"

"Anafungua, maji yanakuja."

Mama akakaa chini palepale, kwenye vumbi la unga, akaanza kucheka, akacheka mpaka kanga ikamvuka begani, na machozi yakamjia juu ya kicheko. "Kaka," akasema, "umesikia? Mwanangu atasoma amekaa!"