Njiti Moja ya Kiberiti

Sioni haya tena kuyasema haya, maana waliokuwapo mtaani kwetu Ufukoni siku ile wameshayasema wote, na wengine wamesema hata yale ambayo hayakuwapo (kuna mtu alifika mpaka Mikindani akidai ziliungua nyumba saba, na upande wetu ule nyumba zenyewe hazikufika saba), kwa hiyo acheni niseme mwenyewe kama ilivyokuwa: nililitia moto bafu la makuti, mama mkwe wangu akiwa ndani anaoga, kwa sababu nilikuwa naibania njiti moja ya kiberiti. Na hilo silo baya kuliko yote. Baya kuliko yote nitalifikia.

Nilikuwa na miaka miwili tu ya ndoa. Mume wangu, Hamisi, alikuwa kibarua bandarini, wakati ule bandari mpya ya Mtwara ndiyo inajengwa na watu wanamiminika kutoka kila upande kufuata mshahara, wakiupata wanaumaliza kwa nyama na viatu, kisha wanaanza kukopana viatu. Sisi tulikuwa na nia moja, mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na paa la makuti, na masika yakiingia tulikuwa tunahamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda pembe ile kama watu wanaokwepa mdai. Hamisi alikuwa akinikabidhi mshahara wote, kazi ya kuuzuia usitoke ilikuwa yangu, nami kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote, labda kupita kiasi.

Majani ya chai nilikuwa nayachemsha mara tatu, nayaanika juani, nayachemsha tena (Hamisi alikuwa akiinua kikombe, anakichungulia, ndipo anakunywa). Nazi naikamua mpaka chicha inabaki kavu kama unga wa mbao. Vipande vya sabuni vilivyobaki navifinyanga pamoja napata sabuni nyingine, ya rangi tatu. Lakini kilichonipa sifa mtaa mzima ni kiberiti. Kwanza nilikuwa naipasua njiti moja kwa wembe nipate mbili, halafu nikaona hata huo ni uharibifu, maana majirani kila siku wanawasha moto, na moto ukimpa mtu, wako haupungui. Basi kila asubuhi nabeba kifuu cha nazi, napiga hodi, naomba kaa moja. Wakati ule wengi tulikuwa tunaombana moto, si ajabu. Ajabu ni kwamba mimi sikuwahi kuombwa hata mara moja.

Fedha zenyewe nilikuwa naziweka kwenye kopo la siagi lenye kifuniko, na kopo nimelichomeka katikati ya makuti ya bafu, uani, juu karibu na nguzo, kwa kuwa mwizi huanza kupekua chini ya kitanda. Hata Hamisi nilimwonyesha siku moja tu.

Sasa mama mkwe. Aliitwa Bi Esha, mkulima wa Nanyamba, Mmakonde wa watu, mjane, ana mikorosho yake mwenyewe na maneno yake machache. Alitutumia habari kwamba amesikia fedha zetu za mabati zimepungua kidogo, na yeye ameuza korosho, atakuja. Hamisi alinieleza usiku kwamba mama yake fedha hampi mtu hivi hivi, atatazama kwanza nyumba inaendeshwaje. Mimi nikasema mwache aje atazame.

Alifika kwa lori, jua limeshapanda, Hamisi yuko kazini. Amejitwisha kikapu cha makopa ya muhogo, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikampokea, nikamwamkia shikamoo nimepiga magoti, akaitikia marahaba, akaketi kwenye mkeka akaanza kutazama. Alitazama paa. Alitazama kata yangu ya kifuu niliyoishona mpini kwa uzi ulipovunjika. Alitazama majani ya chai yaliyoanikwa kwenye ungo, akayagusa kwa kidole.

"Haya yameshanywewa?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Mara tatu."

Akatikisa kichwa taratibu, nikadhani ananicheka, kumbe anasifu. "Watu wanasema wake wa mjini wanakula fedha," alisema. "Wewe mwanangu huli." Akashika pindo la kanga yake, nikaona fundo kubwa. "Fedha hizi za korosho sitampa Hamisi. Nitakutia wewe mkononi. Ila nina vumbi la lori, nipashie maji nioge kwanza, tukae tuzungumze kama watu."

Jamani, mnielewe hapo. Hakuna aliyewahi kunisifu kwa ubahili wangu. Nilikwenda jikoni miguu haigusi chini. Kiberiti nilikuwa nacho, kimefungwa kitambaa ndani ya mtungi wa unga, njiti zake naziacha kwa ajili ya dharura. Nikatia mkono, nikakitoa, nikakifungua. Zilikuwa njiti sita. Mgeni ana vumbi, mgeni ni mkwe, anasubiri maji ya moto, na kama hiyo si dharura basi sijui dharura ni nini. Lakini masikioni bado nasikia "wewe mwanangu huli", nikaona mtu aliyesifiwa hivyo hawezi kuwasha njiti nzima na majirani wako hai. Nikakirudisha kiberiti kwenye unga. Hapo ndipo nilipokosea, mengine yote yalikuja yenyewe.

Nikachukua kifuu changu, nikapitia mlango wa uani mpaka kwa Binti Ausi, jirani wa kwanza. Nilipopiga hodi nikasikia maji yanamwagwa na makaa yanalia shaaa, kisha akatoka anajifuta mikono.

"Mwenzangu, leo kwangu moto umezimika," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi hivi. Na kiberiti chako unamtunzia nani, mjukuu?"

Nikaenda mpaka kwa Mama Fatu muuza vitumbua, kule njiani, ambako moto haukosekani. Akanipa makaa mawili makubwa yanawaka, nikayafunika kwa kumbi la nazi, nikageuka. Kusi ilikuwa inavuma siku hiyo, inayapuliza makaa mkononi mwangu, kifuu kikaanza kuniunguza vidole, na mimi nikakata njia ya nyuma ya nyumba yetu, ile inayopita ubavuni mwa bafu, ili niwahi.

Ningewahi. Lakini nilipofika usawa wa bafu nikakutana na Bakari, mchuuzi wa samaki, ana mitungo ya tasi wabichi wanang'aa, na mkwe nyumbani ana makopa tu na mimi nina mboga ya jana. Nikakiweka kifuu chini, nikakiegemeza kwenye makuti kisipinduke, nikashika mtungo mmoja nikaupima kwa mkono.

"Kiasi gani?"

Akataja bei. Nikacheka, kile kicheko cha kununulia. Nikataja nusu yake. Akaapa kwamba samaki wale kawatoa mwenyewe alfajiri, nikamwambia macho yao yanasema juzi. Akashusha senti tano, nikasema bado, akaweka mzigo chini, nikajua nimempata. Wakati wote huo kumbe mama mkwe, ambaye amengoja maji ya moto mpaka amechoka, alikuwa ameshachota maji baridi mtungini, ameshaingia bafuni, anajipaka sabuni yangu ya rangi tatu. Mimi sijui. Namkazania Bakari.

"Dada," akasema Bakari, "kwako panatoka moshi."

"Punguza bei, usinibabaishe."

"Dada, nyuma yako."

"Bakari, nakujua. Nikigeuka utabadilisha mtungo."

Akaacha samaki wake chini akakimbia. Mchuuzi akiacha samaki wake lazima ugeuke, nikageuka. Makuti makavu hayana mjadala. Kifuu sikukiona tena, moto ulikuwa umeshapanda kimo cha mtu, umeshika pembe moja ya bafu, na upepo unausukuma uende kwenye ile pembe nyingine, yenye nguzo, yenye kopo langu.

Na sasa ndiyo nafika kwenye lile baya kuliko yote.

Nilipiga kelele. Nilipiga kelele mpaka Binti Ausi alisema baadaye alinisikia akiwa ndani kajifunika kichwa. Na nilichokuwa napigia kelele ni hiki: "Kopo langu! Jamani, kopo langu! Kopo langu la fedha!" Watu wakaja mbio na ndoo, na mchanga, na matawi, wanauliza nani yuko ndani, na mimi najibu kopo. Mwanamume mmoja akanishika mkono nisiukaribie moto, nikamponyoka, nikaushika ukuta wa makuti kwa mikono miwili upande ambao haujashika, nikauvuta kwa nguvu zote ili nilifikie kopo, na ukuta, ambao fito zake zilikuwa zimeoza (nilikuwa naahirisha kununua fito mpya), ukaja wote chini kwa mara moja.

Ndani amesimama mama mkwe wangu. Sabuni usoni, macho yamefumbwa, amewahi kujifunga kaniki iliyolowa mpaka magotini, na mbele yake mtaa mzima wa Ufukoni na mchuuzi wa samaki.

"Nnungu wangu," alisema kwa Kimakonde, akimtaja Mungu, tena kwa sauti ya chini kabisa. "Nani kanifungulia?"

Mama Fatu ndiye aliyeruka akamtupia kanga na kumtoa, wanaume wakageuza nyuso, wengine wakapanda kuyatoa makuti ya jiko moto usije ukavuka mpaka nyumbani. Nyumba ikapona. Jiko likaenda, bafu likaenda lote. Mimi nilikuwa nimesimama na fito mkononi, naitazama nguzo inavyowaka, kopo silioni, na nakiri mbele yenu kwamba hata wakati huo nilikuwa natafuta kopo.

Mama mkwe akanawa macho kwa maji ya ndoo ya mtu. Kisha akachukua nguo zake alizotoka nazo amezikumbatia, akazifungua taratibu, akatoa kopo langu la siagi, zima, kifuniko juu yake.

"Nililiona wakati natundika kanga," akasema. "Nikasema pahali hapa patalilowesha, nikalichukua ndani ya nguo zangu nimwambie mkwe wangu. Moshi nao niliusikia. Nikasema mkwe wangu masikini anahangaika na maji yangu." Akanishikisha kopo mkononi. "Nimekusikia unaliita mara tatu. Mimi ulikuwa uniite lini?"

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana kila mtu alisikia. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, nikapiga magoti palepale kwenye majivu, na kopo nimelishika, kwa sababu sikujua pa kuliweka.

Hamisi alipotoka kazini alikuta mama yake amekaa kwenye mkeka amekwisha kuoga kwa Mama Fatu kwa maji ya moto, na mke wake anafagia majivu. Mama yake hakumweleza kitu. Alimwambia tu kwamba moto ulishika, upepo ulikuwa mkali. Kisha akafungua fundo la kanga, akampa yeye zile fedha za korosho, mkononi mwake, mbele yangu, akasema, "Pigeni mabati." Mimi hakunitazama. Hamisi aliniangalia nikaangalia ufagio.

Mabati tulipiga, ingawa tulichelewa msimu mzima, maana ilitubidi kwanza kununua makuti na fito na kulijenga jiko upya (nilianza kupiga hesabu ni viberiti vingapi vile, nikaacha katikati). Tangu siku ile moto nawasha kwangu, njiti nzima, na jirani akija na kifuu namwekea makaa matatu. Samaki nanunua mzigo mwingine wote ukiwa umeshafika nyumbani. Ubahili sikuuacha, sitawadanganya, chai bado naichemsha mara mbili.

Na mama mkwe aliendelea kuja kila baada ya mavuno, mpaka miguu ilipomkatalia. Analeta makopa, analeta korosho, tunaongea vizuri, hajapata kunikumbusha kwa maneno. Ila akishachukua ndoo yake ya maji, kabla ya kuingia bafuni, anasimama mlangoni, ananigeukia, na anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Binti Ausi, "Naingia kuoga, mkwe. Mimi. Esha."

"Nimesikia, mama," naitikia, na naacha chochote ninachofanya, nakaa pale uani mpaka atoke.