Mstari wa Saba Chini ya Sakafu ya Ghala

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Ndugu yangu amelazwa hospitalini, mguu umeshikiliwa na vyuma, na bado ananikinga.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikalea wadogo zangu kwa vibarua vya Athi River. Kyalo, anayenifuata, nilimtafutia kazi ya kuendesha foklifti kwenye ghala la kugandisha nyama.

Sakafu ya ghala ikaanza kuvimba. Baridi ilikuwa imeshuka hadi kwenye udongo, ukaganda. Akaletwa injinia mwenye rada ya kupima ardhi, mashine ya kusukumwa kama toroli. Nikapata kibarua cha kuisukuma, mstari baada ya mstari. Injinia alinifundisha kidogo: penye barafu mawimbi hupenya, picha hutoka safi. Penye maji mawimbi hufifia, na hapo sakafu haina cha kuishikilia.

Mstari wa saba ulikuwa umezibwa na paleti za nyama. Kyalo alipaswa kuzihamisha, lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nikamhurumia.

"Ziache," nikamwambia. "Nitarudia wa sita. Udongo ni ule ule."

"Kumbe sista umekuwa injinia?" Akacheka.

Nikarudia wa sita, nikauandika wa saba.

Injinia alipozichambua picha alishangaa jinsi mistari hiyo miwili ilivyofanana. Akaniuliza kama kweli nilipita kote. Nikasema ndiyo. Mungu wangu! Ningesema hapana tu! Akaandika kwamba chini kumeganda kote, kazi iendelee.

Wiki iliyofuata foklifti ilididimia pale pale kwenye mstari wa saba. Chini kulikuwa na matope matupu, bomba lilikuwa linavuja. Foklifti ikapinduka, ikamwangukia Kyalo mguuni.

Amewaambia wakubwa kwamba alibeba mzigo kupita kiasi. Nilipomuuliza kwa nini, aligeukia ukuta. "Wewe ukifutwa, wadogo watakula nini?"

Wakamwamini. Wakaziba bomba, wakafukia lile shimo bila kupima upya, na leo wenzake wanaendesha foklifti juu ya vipimo vyangu. Sijui matope yamefika wapi.

Asubuhi naenda kwa injinia kumwambia, hata nikikosa kazi Athi River yote.

Nawe uliyetumwa kupima kwa niaba ya mtu, mahali ambapo hukufika andika kwamba hukufika. Pengo kwenye karatasi lingemfanya injinia arudi. Mimi nililijaza.