Tangazo langu limemfikia Kiprono dukani kwake

Leo Kiprono ameletewa tangazo la duka langu akiwa amesimama ndani ya duka lake.

Miaka ya tisini alikuwa na pikapu yenye spika. Wakulima wakingoja lori la majani chai hapa Kimulot, yeye anaegesha mbele ya duka langu la gambuti, mabuti ya mpira, na kutangaza: "Gambuti za hapa zinavuja! Njooni kwangu!"

Nilifunga duka.

Mwezi huu nimelifungua tena, ng'ambo ya barabara, mkabala na lake.

Siku hizi huhitaji spika. Unalipia tangazo, unachora duara kwenye ramani, na kila aliye ndani ya duara analiona kwenye simu.

Langu nimelichora juu ya duka la Kiprono. Choo chake nimekiacha nje ya duara. Mimi si mtu mbaya.

Asubuhi wateja wake wakasoma: "Gambuti za hapo ulipo zinavuja. Vuka barabara."

Wakavuka.

Nyuma yao akaja Kiprono mwenyewe, kwenye mvua, simu juu kama refa na kadi nyekundu.

"Mama Chebet, toa hii kitu kwa simu yangu!"

"Na ile pikapu yako, mimi ningeitoa na nini?"

Halafu watu wote wakatazama miguu ya Kiprono. Kila akipiga hatua, gambuti zake zinalia kwichi, kwichi, na maji yanatokea kidoleni.

Sikucheka. Nilimwuliza tu, kwa heshima, "Mzee, unavaa namba ngapi?"

Akajibu polepole, "Nane."

Namba nane ninazo jozi mbili. Nimuuzie, ama nimwambie zimeisha?