Baba Alipobaki na Neno Moja

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kasikeu, tulifundishwa kuchuchumaa kimbunga cha vumbi kinapopita. Susu, mama yake baba, alisema ndani yake husafiri aimu, roho za waliokufa, na ukiwakatia njia wanakupiga kofi. Baba, fundi wa nguo sokoni na mzee wa kanisa, alimcheka. "Huo ni upepo tu, mama." Susu alimtazama kama mtu anayengoja.

Siku moja ya soko kimbunga kilibeba sare ya shule iliyoning'inia nje ya kibanda cha baba. Baba alikimbia akaingia humo humo, akaidaka, akatoka akicheka, nywele zimejaa vumbi. Kabla ya chakula cha mchana alianguka kwenye cherehani.

Aliporudi kutoka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na mdomo umevutwa upande, sawasawa na mtu aliyepigwa kofi. Daktari alisema ni kiharusi; presha ilipanda kwa sababu aliacha kumeza dawa. Lakini nani angemsikiliza daktari, na uso wenyewe ulikuwa pale mbele yetu?

Alibaki na neno moja: "Kesho." Labda kwa sababu alikuwa amewaambia wateja neno hilo maisha yake yote. Ukimpa uji, kesho. Ukimuuliza anaumwa wapi, kesho. Alielewa kila kitu, na hilo ndilo lililokuwa gumu kutazama.

Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Mmoja akamwinamia, akauliza, "Mzee, umemwachia Mungu mambo yote?"

"Kesho," baba akajibu.

Mwanamke fulani kijana alicheka ndani ya leso yake. Baba aligeukia ukuta. Ili kufunika aibu ile, mama mmoja alianzisha wimbo, na hapo baba akaimba. Aliimba kila neno, ubeti baada ya ubeti, kwa ile sauti yake nzito ya zamani. Wanawake wakaacha kuimba mmoja mmoja hadi akabaki peke yake. Mtu asiyeweza kusema "maji"!

Susu alikuwa amesimama mlangoni. "Huyo si mwanangu," alisema. "Anayeimba ni yule aliyempiga."

Mama yangu hakuwahi kuamini habari za aimu. Hata hivyo, jioni ile alitundika pazia mbele ya kitanda. "Baba Mwende, usiimbe tena. Nakuomba. Watu watatuona aje?"

Baba akanyamaza kiangazi chote. Jumapili tulimfungia mlango tukaenda kanisani, na waliouliza tuliwaambia amelala. Mimi, Mwende mwenyewe, nililipenda lile pazia. Wenzangu wa shule walipopita kwetu, hawakumwona.

Kisha mteja mmoja kutoka Emali alikuja kuchukua koti lake. Nyuma ya pazia baba akaanza, "Kesho. Kesho. Kesho!" Mama akapandisha sauti, akaongea juu yake, habari za mvua, habari za mahindi. Halafu harufu ikatufikia sote. Yule mteja alijifanya amekumbuka jambo, akaaga kwa upole sana. Afadhali angetukana.

Mama alichota maji kwenye beseni. Nilishika taulo upande huu wa pazia, nikamsikia analia huku akimwosha baba. Mara akaanza kuimba, kwa sauti ya wimbo ule ule wa kanisani, lakini maneno yalikuwa yake: "Nataka choo, nipelekeni nje."

Mama akarudia. "Ukitaka, niambie hivyo, baba Mwende. Imba tu."

"Nataka," baba akaimba, "nataka choo." Alilia, naye mama akazidi kulia.

Tangu siku hiyo nyumba yetu iliongea kwa nyimbo: maji, uji, blanketi, nisogezeni kivulini. Majirani walisimama kwenye ua kusikiliza, wengine wakacheka. Susu alihamia jikoni kwake, akawa hali chakula nasi. Hadi mchana mmoja baba, akiwa ameketi nje, alimwimbia, "Mama, njoo tule." Susu alitoka, akasimama katikati ya uwanja akijifuta mikono iliyokuwa mikavu. Kisha akaja. Alikula ameinamisha kichwa.

Baba yuko hai. Hushona vifungo kwa mkono wa kushoto, na maneno kadhaa sasa huyasema bila kuyaimba. Jina langu halimo. Nimekua, nami bado sijui ni nini kilimpata ndani ya vumbi lile. Najua tu yale tuliyomfanyia sisi wenyewe baadaye, watu wazima na mtoto, kwa kuogopa midomo ya watu.

Majuzi nilimpeleka kliniki Tawa, pamoja na mama. Dada anayewafundisha wagonjwa kuongea alitueleza kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya maana zaidi. Wakati huo maneno hurudi kwa urahisi, hasa kwa kuimba. "Mlimwacha aimbe sana siku zile?" aliuliza, kwa wema tu.

"Ndiyo," nikajibu. "Sana."

Mama aliinamisha macho. Baba alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Siku hiyo alikuwa na maneno ya kutosha kusema ukweli. Hakuyasema.