Ubeti wa Burnley Ulioimbwa Blackburn

Siku niliyomwona mara ya kwanza, Keziah Ormerod alikuwa amekalia sanduku lake la mavazi kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi wetu wa nyimbo na vichekesho, hapa Blackburn, akila miguu ya nguruwe kwa siki. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha taa ya gesi ya kummulika mwimbaji, na kuzungumza na waimbaji lilikuwa jambo linalonishinda.

"Wewe wa taa! Mji huu unamcheka nani wiki hii?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nimekuuliza habari, mwanangu. Sikukuletea posa."

Nikamwambia habari za mkaguzi wa soko aliyetumbukia mferejini akimkimbiza bata. Jioni ile mkaguzi alikuwa ndani ya wimbo, na bata wake. Ndivyo alivyofanya kazi mama huyu: wimbo mmoja aliotunga mwenyewe, na kila mji ubeti wake mpya.

Alirudi kila mwaka. Mwishoni sauti ilianza kukwaruza, na meneja wetu, Bwana Duxbury, akamfanya wa kufungua jukwaa, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Safari moja alimwambia mbele yangu, "Wakikuzomea wiki hii, bibi, jina lako nalifuta."

Jumatatu akapanda na uchovu wa treni, akajisahau, akawaimbia ubeti wa Burnley, mji wa mahasimu wetu alikotoka. Burnley, ndani ya Blackburn! Heri angetutukania mama zetu. Maganda ya machungwa yakaruka, mifupa ya miguu ya nguruwe waliyokuwa wakila ikafuata. Kwa huruma nikafifisha taa.

Aliposhuka alinijia moja kwa moja. "Nani kakutuma unizike kabla yao?"

Duxbury hakuwa na mtu wa kushika nafasi ile haraka, kwa hiyo Jumanne alimwacha apande. Mimi akaninong'oneza, "Akiitaja Burnley, zima."

Roshani ya watazamaji ilijaa mapema kuliko siku zote, kila mtu na ganda lake mkononi. Keziah akasimama katikati, mikono kiunoni, akaanza. Ubeti ule ule wa Burnley, neno kwa neno, safari hii kwa makusudi.

"Zima!" akafoka Duxbury.

Nikafungulia gesi yote. Kila kunjo la uso wake likaonekana mpaka roshani.

"Burnley walinitupia mifupa yenye nyama!" akapaza sauti. "Nyinyi mnanitupia mliyokwisha kuinyonya. Mnataka niwaimbe kwa lipi?"

Mfumaji mmoja wa kike akajibu toka juu, "Wangu una kipande bado, bibi!"

"Ulete basi, sijala tangu asubuhi!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hapo ndipo alipowapa ubeti wao, na viatu vyao vya mbao vikatwanga sakafu mpaka vumbi likashuka kwenye taa yangu.

Duxbury akamwacha amalize wiki. "Lakini Jumatatu walikuzomea. Mwakani usije," akamwambia.

Jumapili nilimbebea sanduku mpaka stesheni. Nilitaka kusema neno la kuaga, nikaishia kulisukuma sanduku chini ya kiti chake. Treni ilipoanza kusogea akatoa kichwa dirishani, kofia imekaa upande.

"Mwakani nakuja, na ubeti utakuwa wa Duxbury! Wewe washa taa tu, mwanangu, na usiififishe!"