Ufuta Uliokomaa Ndani ya Eda

Tarehe kumi na mbili Mei, kabla ya adhuhuri, mume wangu alianguka uani akiwa anakaza mpini wa jembe, na hakuamka tena. Hatukujaaliwa mtoto. Alichoacha ni nyumba hii ya hapa Matambarale, mikorosho ambayo ni ya ukoo wao, na shamba la ufuta tulilolilima wawili, ambalo lilikuwa bado halijavunwa.

Miaka mingine, Mei ikifika katikati, huku kwetu Ruangwa ukiamka unatafuta kitu cha kujifunika. Mwaka huo kipupwe kilichelewa. Waliochimba kaburi walivua mashati. Mimi niliwekwa eda katika chumba cha bati, na kuanzia saa tatu asubuhi bati lile lilikuwa haliguswi. Shuka langu jeupe la eda lilikuwa likilowa jasho mchana kutwa. Waliokuja kunipa pole waliona maji usoni wakadhani ni machozi. Hayakuwa machozi. Siku zile sikulia hata mara moja, na wifi yangu aliliona hilo.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuja kutoka Nachingwea mjini kunisimamia eda. Si mtu mbaya. Alinipikia uji, alinichotea maji ya kuoga, na usiku alilala mkekani karibu na mlango wangu. Ila alitaka kila kitu kiende kama kilivyokwenda kwa mama yake na bibi yake.

Siku ya kumi na tano alikuja jirani yangu na maziwa kwenye kibuyu. Yeye na mumewe ni wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Mwaka uliotangulia ng'ombe wao waliingia kwenye kunde zangu, nami nikampeleka mumewe kwa mwenyekiti wa kijiji. Sikutegemea aje. Alikaa, akaniita mayu kama wanavyomwita mama kwao.

"Mayu, nimepita shambani kwako. Ufuta umeshafungua midomo."

Wifi alijibu kabla yangu. "Shamba la marehemu haliguswi mpaka arobaini. Ndugu wakae kwanza, wagawane."

"Arobaini itakuta mabua."

"Nyie mnajua ng'ombe. Ufuta tuachieni wenyewe."

Jirani akacheka. "Haya. Na ng'ombe wangu ufuta wanaujua, ndiyo maana nimewahi kusema kabla yao."

Desturi hiyo ya kungoja naijua, na sikuwahi kuidharau. Lakini ni desturi ya miaka yenye baridi. Baridi ikiingia, ufuta unakomaa taratibu, na umande wa asubuhi unayashika maganda yasiachie mbegu. Kwa jua lile, siku ishirini na tano zingemaliza kila kitu. Na niseme ukweli: sikuwa na njaa. Unga ulikuwepo, ndugu waliniletea. Nisingekufa kwa kukosa ufuta ule. Ila ulikuwa wa mwisho alioupanda kwa mkono wake, na sikukubali uishie kwa sisimizi huku mimi nimekaa namhesabia siku.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilichukua mundu. Wifi alisimama mlangoni.

"Ukitoka, watu watasema."

"Watasema nini?"

"Kwamba ulikuwa unamngojea afe."

Neno hilo liliniuma na hadi leo linaniuma. Nilimwambia, "Waje waseme shambani, nitakuwa huko," nikapita.

Nilipofika nilikosea. Nilikata kama nilivyozoea, nikawa nalaza mabua chini ili nije kuyafunga matita baadaye. Nilisahau kwamba kwa joto lile hapakuwa na umande hata tone. Nilipoinua bua la kwanza, ufuta ulibaki kwenye mchanga. La pili vilevile. Mistari mitatu niliipoteza hivyo, kwa mikono yangu, na hakuna wa kumlaumu. Ndipo nikavua shuka la eda, nikabaki na gauni na kanga kichwani, nikalitandika chini ya mabua.

Wifi alikuwa amenifuata. Alilitazama shuka, akanitazama mimi.

"Hilo ni shuka la eda."

"Ndiyo."

"Umelitandika mchangani."

"Ndicho kitambaa kipana nilichokuja nacho."

"Mungu anakuona."

"Anauona na ufuta."

"Mdogo wangu angeyaona haya…"

"Mdogo wako angeniuliza kwa nini nimechelewa."

Aligeuka akarudi nyumbani, na siku mbili hakunisemesha. Uji alipika, akauweka mlangoni bila kuniita.

Mchana jirani alikuja na turubai lao na mundu wake. Hakusema neno juu ya kunde wala mwenyekiti, nami sikusema. Tulikata siku tatu. Tulisimamisha matita juu ya turubai, na jua lilelile lililokuwa likitumalizia ufuta likayakausha upesi. Siku ya nane tangu tuanze kukata tukayakung'uta, nikapeta, nikajaza magunia, mtoto wake mkubwa akayaleta nyumbani kwa baiskeli.

Wiki hiyohiyo upepo uligeuka. Ulivuma kutoka kusini, mawingu yakashuka, na kulipokucha kulikuwa na manyunyu. Yalidumu siku tatu. Wenye ufuta uliokuwa bado umesimama nje uliwaharibikia, ukawa mweusi. Baridi ilikuja mara moja, kama iliyokuwa imefungiwa mahali. Alfajiri ya kwanza nilivuta blanketi, likaja lote bila kuvutwa na mtu upande wa pili. Hapo ndipo nililia. Wifi alisikia, akaja akakaa kitandani.

Arobaini ilifika watu wamevaa makoti. Baada ya dua na chakula, mjomba wa marehemu aliuliza nani aliruhusu shamba livunwe. Wifi alitazama chini.

"Hakuna," nikasema. "Nimevuna mwenyewe."

Nikamwomba kijana mmoja atoe magunia nje mbele yao, wagawane wanavyojua, na wanipe fungu ninalostahili. Kisha nikatoa nyuma ya kitanda ndoo ya mbegu niliyochambua kwenye ufuta uleule, nikaiweka karibu yangu.

"Na hiyo?" mjomba akauliza.

"Hii siyo ya kugawa. Ni mbegu. Nitaipanda."

"Utapanda wapi? Shamba ni la ukoo."

"Nitapanda palepale. Atakayenizuia anikute huko."

Walitazamana. Mmoja akakohoa, mwingine akasema manyunyu yanarudi, yafaa waanze kupima. Wakaanza kupima magunia. Nilinyanyua ndoo yangu, nikaiingiza ndani, nikairudisha nyuma ya kitanda, nikafunga mlango kwa sababu ya baridi.