Mpira wa Bi Zuhura Haukuwa Kabati

Nakumbuka siku moja ya mashindano ya bolingi, siku niliyomwangusha Bi Zuhura kwa kumpenda. Usicheke, mwanangu, ngoja kwanza.

Nilikuwa kijana, mtoto wa seremala kutoka Rondo, nimepata kazi Dar es Salaam kwenye ukumbi wa bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini kumi mwisho wa njia. Bi Zuhura, mama wa Kiranjeranje aliyenitafutia kazi hiyo, alikuwa mchezaji hodari. Timu ya kwenda Nairobi ilibakiwa na nafasi moja, na yeye aliisubiri miaka mitatu.

Kabla ya mashindano aliniachia mpira wake na pedi za msasa. "Tumia ile ya kukwaruza tu," aliniambia, "pande zote sawa."

Nikafanya hivyo. Lakini mpira ulifubaa, ukawa kama umepakwa vumbi, nikaona aibu kumkabidhi mama wa watu kitu kama kile. Baba yangu alikuwa hatoi kabati mpaka uione sura yako mlangoni. Basi nikaendelea na pedi laini, nikamalizia na nta, mpira ukang'aa. Nilijisifu, si kidogo.

Kumbe ule ukwaruzo ndio unaoufanya mpira ushike njia iliyopakwa mafuta. Ule nilioung'arisha ukateleza moja kwa moja, haukukata kona kuelekea pini. Na mchezo ukishaanza, sheria haziruhusu tena msasa. Alicheza nao hivyo hivyo hadi mwisho, na nafasi akapata mwingine. Nikajificha nyuma ya viti.

Kesho yake nilimwamkia nikitazama chini. Akaitikia marahaba, akaupakata mpira wake.

"Nani alikuambia hili ni kabati?"

"Nilitaka upendeze, mama."

"Mimi nilitaka ushike."

Machozi yalimlenga, na mimi nikalia wazi wazi, mwanamume mzima. Nilijua kazi imekwisha. Yeye akanisogezea mpira na pedi zilezile. "Piga msasa upya. Safari hii ukiona vibaya, niulize."

Sasa wewe kesho unaanza kazi kwa fundi cherehani pale Mingoyo. Nakujua, mikono yako myepesi na unapenda kumfurahisha mtu, hilo umelirithi kwangu. Basi, mwanangu, kabla hujaongeza urembo wako, muulize mwenye kitu anakitakia nini, hata kama unaona haya. Na ukikosea, rudi kesho yake asubuhi, umwamkie, usijifiche.

Nakuombea kwa Mola mkono wenye heri. Na siku utakapoharibu, maana utaharibu tu, akukutanishe na mtu wa kukurudishia mpira wake mikononi.